Chupa ya Chai Isiyo na Chai

Aswan, 14 Aprili 2024

Kwako dada yangu Batul,

Baada ya salamu, mwezi huu natimiza miaka thelathini na minne tangu nilipotoka Wad Kitir. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binamu yetu Tayfur, na Haja Nimat jirani, na wote wa upande wa mto. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana maoni yao kila ninapopanda ngazi. Idi imepita kimya. Nilivaa jalabia safi, nikala maharage ya ful peke yangu, nikaenda kuwaamkia watu ambao hawajui kijiji chetu kiko ukingo gani wa Naili ya Bluu.

Niliposikia kwamba zahanati yenu imefungwa na kwamba insulini yako inakwisha, sikulala vizuri. Simu hazishiki huko, na posta ilikufa kabla ya simu. Sasa nimempata mtu. Anaitwa Abdelbagi, muuza vipuri, ndugu zake wako kijiji cha tatu kutoka kwenu. Huenda kwa basi kupitia Halfa na Dongola hadi Shendi, kisha hupanda pikapu na kuikata mbuga ya Butana. Nimefundisha jiografia miaka mingi na njia hiyo nimewachorea wanafunzi ubaoni bila kufikiri kwamba iko siku nitaiogopa kwa ajili ya chupa.

Nimenunua chupa ya chai ya mdomo mpana. Nimeijaza maji baridi, ikashinda nayo, kisha nikayamwaga. Vichupa vya dawa nimevifunga kwenye plastiki, halafu nimevizungushia taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Kuna kipande kidogo cha barafu chini kabisa, na kati yake na dawa nimeweka taulo jingine, maana dawa hii ina maadui wawili. Joto huipika polepole. Barafu huiua mara moja, na ikishaganda haisemi: utaiacha iyeyuke, utaitazama, utaiona maji safi kama ya jana, utajidunga, na sukari itabaki pale pale. Kwa hiyo usiiamini kwa sura.

Abdelbagi nimempa masharti. Asiiweke chini ya kiti penye moto wa injini. Asiiache kwenye dirisha la jua. Akiulizwa njiani, aseme ni chai. Akiambiwa amimine, aseme imekwisha.

Niambie jambo moja tu. Umeme hamna. Utaihifadhi wapi?

Kaka yako,
Sirelkhatim

*

Wad Kitir, 5 Mei 2024

Kwa kaka yangu, mboni ya jicho langu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko mchanga aliokuja nao huyu Abdelbagi masikioni. U hali gani? Magoti yako yahurumie, yamekubeba mbali mno. Sisi wazima, tunashukuru. Tayfur mzima. Mbuzi mzima. Haja Nimat anakohoa lakini ndiye anayetuzidi wote kwa maneno.

Chupa imefika. Nimeifungua kivulini, taulo lilikuwa bado na ubaridi kama paji la uso la mtoto aliyetoka kuoga. Vichupa vyote vizima. Nimejidunga, na siku ya pili nilipika mikate ya kisra ya nyumba mbili bila kukaa chini.

Habari za nyumbani: friji limesafiri. Limefuatana na kitanda cha mama na milango miwili. Usiniulize limekwenda wapi, halikuaga. Wageni wapo kijijini, na wageni huwa na mahitaji.

Dawa nimeiweka mahali pazuri. Usiwe na wasiwasi.

Sasa sikiliza, kaka. Mara nyingine tuma maradufu. Ukiweza zaidi ya maradufu, usisite. Na jina lako usiliandike juu ya chupa, wala mwisho wa barua. Andika Kaka, basi, mimi nitajua ni nani, sina wengi. Na picha usitume. Na huyo Abdelbagi asije nyumbani. Tutampokea kituoni.

Nakubusu mikono.

Dada yako,
Batul

*

Aswan, 20 Mei 2024

Dada yangu,

Baada ya salamu na kukutakia afya, nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake unavyostahili. Mimi ni mzima. Joto hapa limeshaanza kututoa nje ya vyumba.

Nimefurahi kwamba dawa ilifika hai. Lakini kuna mambo hayakai sawa, na wewe unanijua, jambo lisipokaa sawa nalizunguka mpaka nipate kizunguzungu.

La kwanza, kiasi. Nilichotuma kinamtosha mtu mmoja kwa muda mzuri. Unaomba maradufu. Je, nyingine imeharibika na hutaki kusema? Au wewe umezidiwa na unaficha? Au kuna mtu anayekuambia uombe?

La pili, mahali. Nilikuuliza wapi, ukanijibu pazuri. Pazuri si mahali. Ningempa mwanafunzi sifuri kwa jibu hilo.

La tatu, jina langu. Nilipoondoka nilikuwa natafutwa kwa sababu ya mgomo wa walimu, na wakati huo ningeelewa. Waliokuwa wananitafuta sasa wamezeeka au wamekwisha. Nani leo huko Wad Kitir anakerwa na jina la mwalimu wa zamani? Na kwa nini mbeba dawa asifike nyumbani, mahali ambapo hata mkaguzi wa kodi alikuwa akipewa maji na mahali pa kupumzisha mgongo?

Nitakuwa mkweli. Mwandiko ni wako, lakini mwandiko huigwa. Basi nijibu: punda wa baba, yule aliyemuuma mkaguzi wa pamba, alikuwa anaitwa nani?

Nimetuma maradufu kama ulivyoomba. Mvua zikikatika, nafikiri nitaileta mwenyewe. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu chupa ya kwanza ilipoondoka. Nilisimama kituoni nikaitazama ikiwekwa mapajani mwa Abdelbagi, na nikaona wivu juu ya chupa.

Kaka yako

*

Wad Kitir, 11 Juni 2024

Kaka,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana nataka kukusema.

Punda aliitwa Afandi. Na hakumuuma mkaguzi wa pamba, alikuuma wewe, hapo unapopajua, ukashindwa kukaa darasani. Mkaguzi ulimsingizia ili usichekwe. Sasa mwenye kuiga mwandiko wangu ameijua na hiyo?

Sisi wazima. Dawa imefika, vichupa vyote. Mungu akuzidishie. Mara hii chupa ilikuwa ya baridi kuliko ile ya kwanza, umejifunza. Tuma tena, na safari hii, kaka, mara tatu.

Kuhusu kuja kwako, hapana. Usije. Joto kali. Njia mbaya, mvua zitaifanya mbaya zaidi. Magoti yako. Hapa hakuna kitanda. Chumba chako Tayfur amekijaza mahindi. Utakuja kufanya nini, kutazama mbuzi? Kaa huko, ndiko unakotusaidia. Nasema kwa mapenzi, lakini nasema: usije. Hata mvua zikikatika.

Tayfur anakusalimu. Kila akisikia unatajwa analia, imekuwa kazi yake. Watu wote wanakuombea, hujui namna gani. Hakuna siku inayopita bila jina lako kuombewa hapa.

Usiniulize ninapoiweka dawa. Inapoa. Hilo linatosha.

Dada yako

*

Aswan, 3 Julai 2024

Batul,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, kwa jinsi ninavyojiona kwenye kioo, ingawa nimepata habari tofauti.

Abdelbagi alirudi jana. Tulikaa kwa yule mama wa Kassala anayeuza chai karibu na stesheni. Hakugusa chai yake ya karkade. Alikuwa akinitazama mikono, kisha miguu, kisha kivuli changu ukutani.

"Mwalimu," akasema, "una pacha?"

"Sina."

"Binamu mwenye jina kama lako?"

"Kijijini hakuna mwingine mwenye jina langu. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Abdelbagi, mtu havuki jangwa akaja kuniuliza kama nina pacha halafu akasema basi tu."

Akasogeza kigoda. "Kituoni safari hii hakuja mtu. Walituma neno kwamba dadako mguu unamuuma. Nikaona nisimpe mtu mwingine chupa, nikaenda mpaka nyumbani. Jua lile, Mwalimu, ulimi umekuwa kandambili. Mbele ya nyumba nikaona kibanda cha mabua, chini yake mitungi mitatu ya maji, na kikombe kimefungwa kwa mnyororo. Nikanywa. Nikanywa tena. Nilipoinua macho kushukuru, nikaona maandishi ukutani."

"Maandishi gani?"

"Usinikasirikie."

"Nitakukasirikia usiposema."

"Sabili ya marehemu Mwalimu Sirelkhatim Hamad. Mnywaji, msomee Fatiha." Akashusha macho. "Rangi ya buluu. Maandishi mazuri sana, Mwalimu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasoma. Nilikuwa nimeshakunywa."

Yule mama wa chai alisikia kila neno. Akaniletea glasi nyingine bila kuulizwa, akasema, "Hii ikoroge mwenyewe, marehemu, sijui sukari mnakunywa kiasi gani huko."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka, kwa kuwa nilikuwa mbele ya watu. Nilipofika chumbani sikucheka.

Batul, mimi na wewe tumekulia mahali pamoja. Kwetu mtu akifa, watu wake humwekea mitungi njiani, kila anayepita mwenye kiu anywe, na thawabu imfuate aliyekufa. Kwa aliye hai haifanywi. Hata mtoto anajua. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kucheza mchezo wa kumwekea mtu maji, kwa kuwa ni kumwita Izraili mtoa roho kwa jina la ndugu yako.

Sasa naelewa kwa nini nisiandike jina. Naelewa kwa nini nisitume picha, kwa nini Abdelbagi asifike nyumbani, kwa nini Tayfur analia, kwa nini naombewa kila siku. Naelewa zaidi kwa nini nisije. Nyumba ya baba ina warithi wawili. Mmoja akiwa marehemu, na watu wakawa wanamsomea Fatiha barabarani mchana kweupe, hakuna kadhi atakayeuliza maswali. Chumba changu kimejaa mahindi ya Tayfur. Mmefika hatua gani? Mmeshabomoa ukuta wa katikati?

Sikatai kwamba sikuwepo. Sikuwepo baba alipozikwa, wala mama. Lakini mtu asiyekuwepo si mtu aliyekufa, na nilidhani wewe, kati ya watu wote, ndiye unayejua tofauti yake.

Na dawa hiyo ya mara mbili, ya mara tatu, inakwenda wapi?

Safari hii natuma ya mtu mmoja. Nina dada mmoja, natuma ya dada mmoja. Nyingine iko kwenye friji la mwenye nyumba wangu, chini, mbali na barafu, na nitaileta kwa mkono wangu mvua zikikatika. Nataka kuyasoma hayo maandishi mazuri sana kwa macho yangu.

Kaka yako,
Sirelkhatim Hamad, aliye hai

*

Aswan, 22 Agosti 2024

Batul,

Salamu. Nakuuliza hali, na safari hii nauliza kweli.

Abdelbagi amerudi na chupa tupu, bila barua. Anasema kituoni alikuja Tayfur. Alipokea dawa, akatazama kiasi chake, akauliza, "Ndiyo hii tu?" Akaulizwa habari zako, akajibu kwamba hujambo, akageuka haraka. Abdelbagi anasema hajapata kumwona mtu akibeba chupa kwa namna ile, kwa mikono miwili, kama aliyekabidhiwa bakuli lililojaa mpaka ukingoni.

Barua hii naituma kwa dereva wa pikapu, mwingine kabisa, kwa kuwa sijui tena ni nani anazisoma. Chupa ataibeba Abdelbagi kama kawaida, ya mtu mmoja. Huenda hukuiona ile ya Julai. Huenda Tayfur aliiona kwanza. Huenda umeiona na umeona heri kunyamaza. Nimeyapanga yote hayo mbele yangu kama vitabu na kila nikichukua kimoja, kinachofuata kinaanguka.

Nimekata tiketi. Basi la mwanzo wa Oktoba, kiti cha upande usio na jua. Nimenunua viatu vipana kwa ajili ya magoti. Nitashuka pale kituoni kwenye duka la marehemu Wad Rahma, kama lipo, na nitatembea mchana, katikati ya barabara, kila mtu anione.

Kama ni wewe uliyenyamaza, nyamaza mpaka nifike. Kama kuna lililokupata, mtu yeyote mwenye kalamu aniandikie.

Kaka yako

*

Wad Kitir, 8 Septemba 2024

Kaka yangu,

Salamu, na nisamehe kwa kuchelewa. Nimeishona barua hii ndani ya taulo la chupa, Abdelbagi ameniapia kwamba taulo hawalikagui. Kwa hiyo leo nasema kama watu wanavyosema jikoni.

Barua yako ya Julai niliisoma. Nilitaka kuijibu siku ile ile, kwa hasira. Halafu nikaugua, na hasira ikanitoka pamoja na mengine.

Nianze mwanzo. Ile siku chupa yako ya kwanza ilipofika, nilikuwa nimeshatayarisha mtungi uani, nimeujaza mchanga mbichi, na vichupa nimevizika ndani yake kwenye kopo. Ukilowesha gunia la juu asubuhi na jioni, ndani kunakuwa na ubaridi wa kisimani. Mama alikuwa akihifadhi samli namna hiyo, unakumbuka. Adhuhuri wakaja wenye bunduki. Wakachukua friji, umeme hakuna, sijui watalilisha nini. Wakachukua milango. Kitanda cha mama wakakitia kichwani wawili. Kijana mmoja akauinua ule mtungi.

"Mzito," akasema. "Una nini?"

"Mchanga na maji."

"Utatufaa pale kizuizini, tunakufa kwa kiu."

Mitungi ya Haja Nimat walikuwa wameshaibeba asubuhi, ya watu walio hai. Lakini ule wa sabili ya marehemu Wad Rahma, pale dukani, duka wamelivunja mpaka msumari na mtungi wameuacha, wanapita wanakunywa, wanafunika. Nililiona hilo kwa macho yangu. Ulimi wangu ukanitangulia.

"Weka chini, mwanangu. Huo ni wa sabili. Nimefiwa na kaka yangu, nilikuwa naupeleka nje."

"Kafia wapi?"

"Ugenini."

"Kazikwa?"

"Wamemzika wao huko."

"Anaitwa nani?"

Nikataja jina lako. Kaka, nilikutaja mzima mzima, jina lako na la baba.

Akauweka chini taratibu, kama anamlaza mtoto. Akafungua viganja. Wale wawili wenye kitanda nao wakasimama, kitanda kichwani, wakasoma Fatiha mpaka mwisho, wakasema amina. Halafu wakaondoka na kitanda.

Mlangoni yule kijana akageuka. "Kesho tutapita kunywa, mama."

Ndiyo nikalazimika kukuweka nje kabla ya kesho. Utaniuliza kwa nini sikumtaja baba. Baba ana kaburi, na kaburi lake ni la zamani, wangejua mtungi ni wa leo. Katika ukoo huu wewe ndiye peke yako unayeweza kufa bila kaburi.

Habari zikatembea. Kabla ya alasiri wanawake walikuwa wamejaa uani wanakulilia, mkeka umetandikwa, kahawa imechemka. Ningewaambia nini, na wageni wako nje ya ukuta? Tayfur nilimvuta pembeni nikamweleza ukweli. Akasema ameelewa, akarudi akaendelea kulia. Nilimuuliza baadaye, akasema alikuwa ameshaanza. Alikuwa na kwikwi mpaka tukampa maji yako.

Maandishi aliyachora fundi cherehani, yule ambaye binti yake ana kisukari tangu utotoni. Watu wawili watatu nimewaambia, wenye dawa. Mitungi iko mitatu. Miwili inanywewa. Wa tatu, wa nyuma, hauna kikombe, na gunia lake halikauki. Humo imo yangu, na ya binti wa fundi, na ya mwalimu wa Kurani, na ya Haja Nimat. Zahanati waliibomoa mpaka vigae. Nyumba zote wamezipekua. Kwenye ule mtungi hajatia mtu mkono. Wanakunywa pembeni yake kila siku, bunduki begani, wanakuombea pepo.

Hayo ndiyo maradufu yako.

Ulipotuma ya mtu mmoja, tuligawana. Wakubwa tulijidunga nusu, kisha robo, binti tukamwachia yake kamili. Nilitapika siku nyingi, sikujua asubuhi wala jioni. Hakufa mtu. Nakuambia hilo haraka kwa kuwa najua unavyosoma.

Sikukuambia mapema kwa sababu barua zinafunguliwa njiani. Na kwa sababu nyingine. Mtu anamwandikiaje kaka yake kwamba amemzika? Nilianza barua hiyo mara kadhaa. Kila nilipofika kwenye jina lako niliogopa kwamba nikiliandika, ndipo litakapokuwa kweli.

Ukuta wa katikati hatujaubomoa. Mahindi ya Tayfur nimeyatoa chumbani mwako wiki hii, akisaidiwa na machozi yake.

Sasa, kaka. Umekata tiketi. Ukishuka pale kituoni mchana, katikati ya barabara, wote watakuona, na yule kijana atakuona. Atajua nilimdanganya juu ya marehemu, na atarudi kuutazama ule mtungi mzito. Lakini nimekaa na wenzangu, na Haja Nimat amesema mwenye jina ana haki na jina lake, asizuiwe mtu kurudi kwao kwa ajili ya mchanga mbichi. Fundi ameweka rangi nyeupe tayari. Njoo ukitaka. Tuma neno moja, naja, na nitayafuta maandishi kwa mkono wangu kabla hujafika, na dawa tutaitafutia kwingine.

Nimekukumbuka. Nimemwekea maji mtu aliye hai na kila siku naomba isije ikawa dua ya kifo.

Dada yako

*

Aswan, 27 Septemba 2024

Dada yangu Batul,

Baada ya salamu, na baada ya kukuuliza hali na kuiogopa hali yenyewe: Abdelbagi ananiambia ulisimama kwa miguu yako kumkabidhi chupa. Nimemuuliza ulisimama namna gani, umeegemea nini, ulikuwa na rangi gani. Amechoka na mimi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama dirishani. Nimetafuta pa kuishuku sikupapata, na mtu akizoea kushuku, akikosa pa kushuku huwa kama aliyevuliwa viatu njiani. Ya Julai naomba uisahau. Robo uliyojidunga mimi sitaisahau, na sitaki uniambie kwamba si kitu.

Chupa ni mbili safari hii, zote za mdomo mpana. Nimetia ya watu wote wanne, na akiba. Barafu ni kidogo, taulo ni mbili mbili. Mkizipokea, zisihamishwe juani hata kwa hatua za kutoka kituoni, zifunikwe kwa tobe unalojitanda. Vichupa vya binti wa fundi nimevifunga kwa uzi mwekundu. Chupa hazitakaa chini wala mapajani mwa mtu. Kile kiti nilichokata, cha upande usio na jua, nimezikatia hizo. Abdelbagi atakaa pembeni yake, na akiulizwa kiti ni cha nani, atasema ni cha mgonjwa aliyeshuka kununua chai. Hizo mbili zitasafiri kwa tiketi yangu, na viatu vipana nimempelekea Tayfur, ambaye amefanya kazi kubwa ya kulia bila malipo.

Niambie nani walikuja mkekani. Niambie kama alikuja mzee Bashari, ambaye tuligombana juu ya mgomo na hatukupatana. Kama alikuja, na kama alisema neno zuri, niandikie alivyolisema. Si kila mtu hupata nafasi ya kuuliza.

Rangi nyeupe mrudishie fundi. Mvua za mwaka huu zilikuwa kali, na buluu ile itakuwa imepauka. Mwambie airudie juu ya herufi zile zile, na alipoandika Mwalimu aikolezee zaidi. Ongezeni mtungi wa nne kama upo, watu wanywe. Yule kijana akija, mpe maji. Usimpe kikombe chenye ufa.

Nilikuwa nimepanga kwa makini, Batul. Nilijua nitaanzia wapi kuona mto, nitasimama wapi kupumzisha magoti, nitabisha hodi namna ipi, ingawa sasa hakuna mlango wa kubisha. Hayo yote ninayo. Jina nimeliacha huko, linafanya kazi nzuri kuliko nilivyolifanyia mimi, na halina budi kuendelea kuwa la marehemu.

Barua hii ukishaisoma, itie motoni, chini ya doka, chuma unachopikia kisra.

Sitarudi.

Kaka yako